Bukavu: Koko anaposahau mlango wa kwake, asiitwe mlozi

Katika parseli nyingi za Kadutu nyumba zimebanana hivi kwamba mlango wa jirani uko hatua tatu tu kutoka mlango wa mtu. Mama mzee anaamka saa nane ya usiku, anasikia haja, umeme hakuna, anatoka nje. Akirudi, anasukuma mlango usio wake. Watoto waliolala chini wanapiga kelele. Wenye nyumba wanawasha taa ya simu na kumkuta amesimama katikati ya chumba, kitenge kimemwanguka, anamwita kwa jina dada yake aliyekufa zamani. Asubuhi parseli nzima imekwisha kusikia. Na kama wiki hiyo hiyo mtoto wa nyumba ile atashikwa na homa, hakuna tena atakayeuliza kama ni malaria.

Hapo ndipo ugonjwa unageuka kuwa mashtaka. Hakuna haja ya mtu mwenye roho mbaya ili jambo hilo litokee. Inatosha woga, usiku, na mzee ambaye hawezi kueleza alichokuwa anatafuta.

Mwezi wa tisa mwaka 2021, wakuu wa serikali katika jimbo la Kivu Kusini walitangaza kwamba wanawake wasiopungua 8 waliotuhumiwa ulozi wameuawa kwa muda wa mwezi mmoja, kwa kuchomwa moto au kupigwa na makundi ya watu, katika maeneo ya Kalehe na Kabare. Kati yao walikuwamo mama waliopita miaka 60. Mara nyingi majina yao yalitoka kwanza mdomoni mwa wale wanaoitwa bajakazi, waonaji wanaojidai kuwa na kipaji cha kumtambua mlozi. Kabare si mbali. Kila asubuhi watu wanashuka kutoka huko na mizigo ya mboga na makala hadi ndani ya soko za Bukavu, na habari zinashuka pamoja nao.

Si lazima mama wale wote walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Mtu haitaji kuwa mgonjwa ili aitwe mlozi. Kuwa mzee, mjane na maskini kunatosha. Lakini mwezi huo wa tisa ndio mwezi ambao dunia nzima imeuweka kwa ajili ya kuufahamisha ugonjwa wa Alzheimer, na tarehe 21 ndiyo siku yake yenyewe. Mtu akiweka kando kando orodha ya dalili za ugonjwa huo na orodha ya mambo ambayo mzee hushtakiwa nayo kijijini ao katika avenue, ataona kwamba ni karibu orodha moja.

Mgonjwa anatembea usiku, kwa sababu ubongo wake hautofautishi tena usiku na mchana. Anaongea na marehemu, kwa sababu kumbukumbu za zamani zinabaki wakati za jana zimefutika. Kwake yeye mama yake yu hai na anamngoja. Anaficha pesa chini ya godoro, anasahau alipozificha, kisha anamshtaki bibi wa mtoto wake kwamba ameiba. Anakula, na nusu saa baadaye anamwambia jirani kwamba tangu jana hajapewa chakula. Anavua nguo mbele ya watu. Anamtazama mtoto aliyemzaa na kumuuliza: wewe ni nani? Kwa familia isiyofahamu, hayo yote yanaonekana kuwa mambo ya mtu aliyeingiliwa na kitu.

Na kuna moja lililo baya kupita yote. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi anakubali lile analoulizwa. Akili yake inajaza pengo kwa neno lolote lililo karibu, tena anataka kuwapendeza wale wanaomzunguka ili kelele ziishe. Anapoulizwa mbele ya umati: ni wewe uliyemroga mtoto huyu? anaweza kujibu ndiyo. Ukimuuliza kama alikula nyama ya watu, anaweza kujibu ndiyo. Ukimuuliza kama alikwenda Roma jana kwa miguu, atajibu ndiyo vilevile. Lakini swali hilo la Roma hakuna anayelileta. Wanachukua ndiyo ya kwanza na kusema: amekiri mwenyewe.

Ugonjwa huu una historia inayojulikana. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya mji wa Frankfurt, Ujerumani, aliingizwa mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter. Alikuwa anamdhania bwana wake mabaya, anaficha vitu, anasahau, anapiga kelele usiku. Munganga Alois Alzheimer alimfuata kwa makini. Mama huyo alipokufa mwaka 1906, munganga aliuomba ubongo wake, akaupima kwa darubini na kukuta umepungua sana, na ndani yake kumejaa uchafu wa protini kati ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo alieleza hayo mbele ya waganga wenzake mjini Tübingen, na mwaka 1910 mwenzake Emil Kraepelin aliuandika ugonjwa huo katika kitabu kwa jina la Alzheimer. Kwa hiyo, lile lililoitwa uzee, kichaa ao shetani lilionekana kwa macho: ni kuharibika kwa nyama ya ubongo, kama vile ini ao figo inavyoharibika.

Wale wanaosema kwamba mambo ya ulozi ni ya Waafrika peke yao wakumbuke kwamba Ulaya nayo iliwaua mama kwa mashtaka hayo hayo kwa mamia ya miaka. Huko Uswisi, Anna Göldi alikatwa kichwa mwaka 1782. Ulaya haikuacha kwa sababu walozi walikwisha. Iliacha pale mahakama zilipokataa kusikiliza mashtaka ya namna hiyo.

Shirika la afya ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, jina la jumla la magonjwa yanayokula akili na kumbukumbu. Zaidi ya 60 kwa mia kati yao wanaishi katika inchi maskini na zile za mapato ya kati. Alzheimer peke yake inachukua kati ya 60 na 70 kwa mia. Karibu na huku, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Tanzania, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba 6,4 kwa mia walikuwa na demensia. Ni kusema, katika wazee 100 wa umri huo, 6 wanaihitaji familia iwafahamu. Huko Kinshasa pia utafiti umekwisha kufanywa juu ya Alzheimer kati ya Wakongomani wenyewe, chini ya munganga Jean Ikanga. Basi ile hadithi kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu haina tena pa kusimama.

Lakini neno lenyewe linaleta shida. Munganga anaandika kwa Kifaransa démence, familia inasikia kichaa. Mzee anapelekwa nyumbani na karatasi ambayo inamharibia jina kuliko ugonjwa wenyewe. Ingekuwa vizuri zaidi muuguzi aseme kwa Kiswahili cha kila siku: koko ana ugonjwa wa ubongo unaomfanya asahau, si kichaa, wala hauambukizi.

Kabla ya kufika kwenye jina hilo kuna kazi ya kufanya, na hapa ndipo familia nyingi za Bukavu zinapoteza nafasi. Si kila kusahau ni Alzheimer. Alzheimer inakuja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee ambaye juzi alikuwa mzima na leo anachanganya maneno, haelewi yuko wapi, analala mchana kutwa ao anaona watu wasiokuwepo, huyo ana jambo la haraka: malaria, ugonjwa wa mkojo, homa ya mapafu, kukauka maji mwilini, sukari iliyoshuka ao kupanda, ao dawa alizopewa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumpeleka kwanza katika chumba cha maombi kwa siku tatu za kufunga bila kula wala kunywa ni kumsukuma kaburini. Vilevile mzee aliyeanguka kwenye ngazi za udongo za Cimpunda na kugonga kichwa anaweza kuonekana mzima, kisha baada ya wiki kadhaa akaanza kupotea kidogo kidogo, kwa sababu damu inajikusanya ndani ya kichwa. Damu hiyo inaweza kutolewa.

Kuna pia ukosefu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, virusi vya ukimwi, na upungufu wa homoni ya shingo. Juu ya hili la mwisho Kivu ina historia yake: katika miaka ya 1960 waganga walikuja kuchunguza kisiwa cha Idjwi kwa sababu watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo kwa kukosa ayodini. Homoni hiyo ikipungua, mtu anakuwa mzito, anasahau, anasikia baridi. Dawa yake ipo. Tena kuna huzuni. Mzee aliyezika watoto katika vita, aliyeacha shamba na kukimbilia mjini, anaweza kunyamaza na kusahau kwa sababu moyo umejaa. Huyo anahitaji msaada mwingine kabisa.

Vipimo vya kumbukumbu navyo vinataka uangalifu. Vile vilivyotoka Ulaya vinamtaka mtu aandike sentensi, ahesabu kwa kurudi nyuma, achore saa. Mama wa Walungu ambaye hakuingia shule hata siku moja atashindwa, na akili yake iko sawa. Huko Hai watafiti walitengeneza kipimo kingine kwa watu wasiosoma, ambamo mgonjwa anaombwa kupanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano anaoonyeshwa. Na hata bila kipimo, kuna maswali ambayo familia peke yake inaweza kujibu. Je, alikuwa anajua bei ya kilo ya unga na sasa hajui? Alikuwa anapika bugali bila kufikiri na sasa anasahau kama maji yamo ndani ya sufuria? Anapotea kwenye njia ya kanisa aliyopita miaka 30? Majibu hayo, yakipelekwa kwa munganga, yana bei kuliko picha nyingi.

Dawa ya kuponya Alzheimer haipo. Zile za zamani zinasaidia kidogo, kwa muda, kwa baadhi ya wagonjwa. Zile mpya zinazosifiwa Amerika na Ulaya zinapunguza mwendo wa ugonjwa kidogo tu, zinahitaji mashine kubwa, na bei yake haiko ya kutajwa Bukavu. Yeyote anayeuza chupa ao maombi yenye kuahidi kwamba koko atarudia kuwa kama zamani anakula pesa za watu. Na vidonge vya kumlaza ao kumtuliza mzee kwa nguvu, vinavyonunuliwa farmasi bila karatasi, vina hatari kubwa: vinamfanya aanguke, na baadhi ya dawa za kutuliza wagonjwa wa akili zinaongeza hatari ya kifo kwa mzee mwenye demensia.

Basi kazi inabaki nyumbani, na nyumbani maana yake ni mama na mabinti. Huyo ndiye anayetoka saa kumi na moja asubuhi kwenda soko la Kadutu ao Nyawera na beseni la sambaza, na hilo beseni ndilo bugali ya jioni. Nani anabaki na koko? Katika nyumba zaidi ya moja jibu ni kufuli. Watu wa jamaa hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanaogopa asipotee, asiangukie bondeni, asigongwe na pikipiki. Lakini Bukavu ni mji wa moto. Nyumba za mbao za Kadutu zinaungua mara kwa mara, na mtu aliyefungiwa ndani na mbabula hana njia ya kutoka. Heri msichana mmoja wa jirani alipwe kidogo, ao jamaa zipange zamu, ao koko apelekwe asubuhi kwa rafiki yake wa kanisa ambaye naye anakaa peke yake. Kaka walio Kinshasa, Lubumbashi ao Ulaya wanaotuma dola 50 siku ya ugonjwa na kupiga simu siku ya matanga wanaweza kutuma kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo. Dada anayebaki naye ndiye wa kwanza kuugua kwa uchovu, na hakuna anayemuuliza kama amelala.

Kuna mambo madogo yanayobadilisha siku nzima. Kumbishia mgonjwa hakufai. Akisema mama yake anamngoja, si lazima kumwambia kila asubuhi kwamba mama yake alikufa, maana kila mara anasikia habari hiyo kama mpya na kulia upya. Ni vizuri kumuuliza mama huyo alikuwa anapika nini. Saa za kula na kuoga zisibadilike. Apewe kazi anayoiweza bado: kuchambua maharagi, kukunja nguo, kutwanga sombe. Taa ndogo ya mwangaza wa jua iwekwe kwenye mlango wa choo. Akikataa kuoga, watu waache, warudi baada ya saa moja. Amekwisha kusahau kwamba alikataa.

Lugha ni jambo lisilosemwa vya kutosha. Mgonjwa anaweza kupoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani na kurudia ile ya utoto. Mama aliyezungumza Kiswahili Bukavu kwa miaka 40 anaanza tena kuongea Mashi, Kihavu, Kilega ao Kifuliiru. Wajukuu waliokulia Ibanda wanajua Kiswahili na Kifaransa tu. Wanasema: koko anasema maneno yasiyoeleweka, anaongea na mashetani. Kumbe anaomba maji. Mtu mzima mmoja anayefahamu lugha ile, akikaa naye robo saa, anaweza kumaliza hofu ya parseli nzima.

Vita vimeongeza mzigo. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 tarehe 16 Februari 2025, familia nyingi zimetawanyika, banki zimefunga milango kwa muda mrefu, na pesa za dawa za presha zimekuwa pesa za chakula. Mzee mwenye demensia anaposikia risasi hajui kama ni leo ao ni mwaka 1996. Anakimbia njia ya zamani, kuelekea nyumba isiyokuwepo tena. Wengine wanasisitiza kurudi kijijini. Huko wanafika wakiwa wageni, bila mtu wa kuwasemea, na mzee mgeni asiyejua kueleza alikotoka ndiye rahisi kupita wote kuitwa mlozi.

Kwa hiyo jambo hili si la familia peke yake. Kituo cha SOSAME kinatunza wagonjwa wa akili Bukavu, na hospitali kubwa zipo, lakini mahali pa kwanza ni kituo cha afya cha mtaa. Muuguzi aliyefundishwa siku mbili tu anaweza kutofautisha kuchanganyikiwa kwa ghafla na kusahau kwa polepole, na anaweza kupima presha. Presha si jambo dogo hapa: presha isiyotunzwa inaziba na kupasua mishipa midogo ya ubongo, na hiyo ni njia nyingine ya demensia. Kundi la wataalamu wa gazeti la Lancet liliandika mwaka 2024 kwamba karibu 45 kwa mia ya demensia ulimwenguni inaambatana na mambo 14 ambayo yangeweza kuzuiwa ao kucheleweshwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia vizuri, upweke, na kukosa shule utotoni. Mama wengi wa Bushi walionyimwa shule ili kaka zao wasome wanalipa deni hilo leo kwa akili zao.

Makanisa yana nguvu kuliko ofisi yoyote katika mji huu. Pasta ao padri akisema Jumapili moja kwamba kusahau kwa mzee ni ugonjwa, na kwamba mtu yeyote asitaje jina la mlozi katika nyumba ya Mungu, neno lake litafika mpaka Bagira kabla ya jioni. Kuna wanaofanya hivyo. Kuna pia wanaoita mzee mbele, wakamwekea mikono na kumuuliza roho iliyo ndani yake inaitwa nani, huku simu zinapiga video. Hao wanapaswa kuitwa na wakuu wao.

Sheria nayo ina pengo la kuangaliwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu waziwazi kumtuhumu mtoto ulozi: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Ililetwa kwa sababu watoto walikuwa wanatupwa barabarani. Kwa mzee, kifungu cha 49 cha katiba kinasema ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2016 juu ya haki za wazee inayaomba mataifa kukomesha tuhuma za ulozi. Wabunge wanaweza kuchukua maneno yale ya mwaka 2009 na kuandika mzee pale palipoandikwa mtoto. Na wakati sheria hiyo inangojewa, mkuu wa avenue hahitaji kuingoja ili kuvunja mkutano wa kumhukumu mama wa miaka 75.

Huko Hai, ambako wazee walihesabiwa, walijaribu pia jambo lisilo la bei: kuwakusanya wagonjwa wa demensia katika vikundi vidogo, kuzungumza juu ya mambo ya zamani, kuimba, kucheza michezo myepesi, wakiongozwa na wahudumu wa afya. Matokeo yalionyesha kwamba akili na maisha yao yaliendelea vizuri zaidi. Bukavu ina kumbi za parokia ambazo zimefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na kwaya za mama zinazojua nyimbo zote za miaka ya 1960.

Na kwa wale wanaotoka na kupotea, kuna familia ambazo zimeanza kushona namba ya simu na jina la avenue ndani ya upindo wa kitenge cha koko, upande usioonekana. Fundi cherehani wa Kadutu anamaliza kazi hiyo kwa dakika kumi.